Rovu Linapobana Pumzi: Usingoje Mpaka Sauti Ipotee

Katika ukanda wa madini unaoanzia Shinyanga, ukapita Kahama na kufika Geita, mtu akianza kuhema kwa taabu watu wa nyumbani kwake hawaulizi maswali mengi. Aliyepata kufanya kazi ya kuvunja mwamba huambiwa ni vumbi. Anayekohoa huambiwa akapime kifua kikuu. Mama wa nyumbani huambiwa ana pumu. Majibu hayo mara nyingi huwa ya kweli, maana vumbi la mawe huharibu mapafu, na kifua kikuu kimewaandama wachimbaji kwa miaka mingi. Lakini, ndugu msomaji, uko ugonjwa mwingine ambao hautokani na vumbi wala hauanzii mapafuni, nao hujificha nyuma ya majibu hayo mepesi hadi siku ya hatari. Ugonjwa huo huanzia shingoni.

Makala haya yanahusu saratani ya tezi ya thairoidi, na hasa ile hali yake adimu na ya kutisha, yaani pale saratani hiyo inapopenya ukuta wa njia ya pumzi. Utauliza: ikiwa ni adimu, yanihusu nini? Yakuhusu kwa sababu dalili zake za mwanzo hazihitaji mtambo wowote kuonekana. Huonekana na mume mezani, na binti anayemsuka mama yake, na fundi cherehani anayepima ukosi wa shati. Mgonjwa huyu hupotea, si kwa kukosa wa kumwona, bali kwa kukosa mtu wa kumwambia, "Twende hospitali."

KIPEPEO SHINGONI

Chini kidogo ya kikoromeo, kile kinachopanda na kushuka mtu anapomeza, imekaa tezi yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mbawa. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu, lakini kazi yake ni kubwa. Hutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, na ukuaji wa mtoto pamoja na akili yake. Ili ifanye kazi hiyo huhitaji madini joto kutoka katika chakula. Ikiyakosa kwa muda mrefu hutanuka ikijaribu kukamata hata yale machache yanayopita, na kutanuka huko ndiko tunakoita rovu.

Nchi yetu inalifahamu rovu vizuri. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila wanne nchini alikuwa nalo. Ndipo vikagawanywa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote ya kula itiwe madini hayo. Uchunguzi wa mwaka 2004 kwa watoto wa shule ulikuta rovu kwa watoto 7 hivi katika kila 100. Huo ni ushindi mkubwa. Lakini wale waliokuwa wasichana kabla ya chumvi hiyo kuenea ndio mama na bibi zetu wa leo, na wengine wao bado wamebeba shingoni marovu ya miaka thelathini au arobaini.

Na tusitishane bure. Sehemu kubwa ya marovu si saratani. Hata vile vinundu vinavyopapaswa ndani ya tezi, zaidi ya 80 katika kila 100 si saratani. Pia zile zilizo saratani hazifanani. Ziko aina zinazoitwa papilari na folikula, ambazo hukua polepole na wengi wa wagonjwa wake hupona wakitibiwa mapema. Iko ya medula, ambayo wakati mwingine hurithiwa katika ukoo. Na iko ya nne, anaplastiki, ambayo ni mmoja au wawili tu katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya tezi hii. Hiyo ndiyo kali kuliko zote. Aghalabu huwapata watu waliopita umri wa miaka 60, na mara nyingi huzuka ndani ya rovu la siku nyingi ambalo jamaa wote walikwisha kulizoea.

KUBANA NI KITU KIMOJA, KUPENYA NI KINGINE

Tezi hii haikai peke yake. Nyuma yake imepita njia ya pumzi, na nyuma ya njia ya pumzi umepita umio wa chakula. Pembeni imepita mishipa miwili myembamba ya fahamu inayoongoza nyuzi za sauti. Zipo pia tezi nyingine nne ndogo, ukubwa wa punje, zinazolinda kiasi cha kalisi katika damu. Ni kama nyumba zilizobanana katika mtaa mmoja: moto ukishika moja, majirani wote wamo hatarini.

Rovu la kawaida, hata likiwa kubwa, hubana njia ya pumzi au kuisukuma upande. Ni kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji: mguu ukiondolewa, maji hupita tena. Saratani iliyokomaa hufanya vingine. Hupenya ukuta wa njia ya pumzi kama mzizi wa mti unaoingia katika bomba, kisha hukua kwa ndani. Hapo kuondoa uvimbe wa nje peke yake hakutoshi, maana sehemu ya ugonjwa imekwisha kuwa ndani ya bomba lenyewe.

Sasa shika hesabu hii, msomaji. Njia ya pumzi ya mtu mzima ina upana wa sentimita 2 hivi. Ikipungua hadi milimita 8, mtu huanza kuhema akipanda mlima au akibeba ndoo. Ikipungua hadi milimita 5, huhema hata akiwa ameketi. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya upana huo huku akiendelea kuuza sokoni na kupika nyumbani, akidhani amechoka tu. Kutoka hapo hadi kukosa pumzi kabisa ni hatua fupi. Hata mafua ya kawaida yanaweza kuimaliza.

SIKILIZA MLUZI UNATOKA WAPI

Hapa ndipo watu wa ukanda wa madini wanapopaswa kuwa waangalifu kuliko wengine. Mgonjwa wa pumu hupiga mluzi anapotoa pumzi, na sauti hiyo hutoka kifuani. Mtu ambaye njia yake ya pumzi imebanwa shingoni hutoa sauti hasa anapovuta pumzi, nayo husikika kooni, kali kama ya mtu anayekoroma yu macho. Dawa ya pumu ya kuvuta haimsaidii. Akilala chali hali huzidi, naye hutafuta mto wa pili na wa tatu, au hulala ameketi.

Tazama pia sauti yake ya kusema. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya majuma matatu, bila mafua wala kelele za mpirani, huenda ule mshipa wa fahamu umeguswa. Chakula kigumu kikianza kukwama na mtu akachagua uji kila siku, huenda umio umebanwa. Vinundu vigumu vikitokea pembeni mwa shingo, huenda ugonjwa umefika katika matezi ya jirani. Na rovu lililokaa kimya miaka ishirini likianza kukua kwa majuma machache, likawa gumu kama jiwe na lisipande mtu anapomeza, hiyo ni kengele ya hatari. Usingoje mavuno yaishe.

Dalili moja inahitaji maneno ya ziada, nayo ni kukohoa damu. Katika mji wa machimbo mtu akikohoa damu hupelekwa kupimwa kifua kikuu, na ni haki kabisa kufanya hivyo. Lakini kipimo kikionyesha kwamba hana kifua kikuu, kazi haijaisha. Muulize mganga wa zahanati: "Kama si kifua kikuu, damu hii inatoka wapi?" Mwambie pia juu ya rovu na juu ya sauti, hata kama hakuuliza. Mgonjwa wengi hueleza kifua wakasahau shingo, kwa kuwa shingo wameizoea.

Kuhusu chanzo cha ugonjwa, maneno ni mengi mitaani. Wapo wanaolaumu zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo. Zebaki ni sumu kwa ubongo na figo, na haifai kuchezewa, lakini si sababu iliyothibitishwa ya saratani hii. Mambo yanayojulikana ni mionzi mikali iliyopiga shingo, hasa utotoni, ukosefu wa madini joto kwa muda mrefu, na urithi katika baadhi ya koo. Wanawake huugua saratani ya tezi hii mara tatu hivi kuliko wanaume. Hata hivyo, kinundu kikimtokea mwanamume, mtoto au mzee, daktari hukitilia shaka zaidi.

DAKTARI ATAFANYA NINI

Wengi huogopa hospitali kwa sababu hawajui watafanyiwa nini. Basi na ielezwe. Kwanza daktari atauliza maswali na kupapasa shingo akiwa nyuma ya mgonjwa, akimwambia ameze mate au maji. Kisha hupiga picha ya ultrasaundi, ambayo haiumi wala haina mionzi, kuona vinundu vilivyomo na sura yake. Damu hupimwa kujua kama tezi inafanya kazi kupita kiasi au imelegea.

Kinundu kikitiliwa shaka, huchomwa kwa sindano nyembamba na kuvutwa seli chache, ambazo mtaalamu wa patholojia huzitazama kwa hadubini. Ipo imani kwamba sindano huiamsha saratani na kuitawanya. Usiiogope, kwa sababu sindano hii nyembamba imetumika duniani kwa miaka mingi na imewaepusha watu wengi na kisu wasichokihitaji. Ukomo wake ni mmoja: haiwezi kutofautisha aina ya folikula na uvimbe usio na madhara unaofanana nayo. Hapo daktari anaweza kushauri nusu ya tezi itolewe ili ichunguzwe yote.

Dalili za njia ya pumzi zikiwapo, vipimo viwili zaidi ni vya lazima. Cha kwanza ni picha ya CT-skani ya shingo na kifua, inayoonyesha ugonjwa umefika wapi. Cha pili ni kuingiza kamera nyembamba kooni, kuona kama nyuzi za sauti zinacheza na kama uvimbe umetokeza ndani ya njia ya pumzi. Daktari mpasuaji anayejua hayo kabla ya kushika kisu huingia chumba cha upasuaji akiwa amejiandaa. Asiyejua hukutana nayo mgonjwa akiwa tayari amelazwa usingizi.

KISU, MIONZI NA VIDONGE

Zamani upasuaji wa tezi hii uliogopwa dunia nzima, maana wagonjwa wengi walikufa kwa kutoka damu. Daktari Theodor Kocher wa mji wa Bern, nchini Uswisi, aliupasua ugumu huo kwa utaratibu na usafi, akapunguza vifo hadi chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100, na mwaka 1909 akatunukiwa Nishani ya Nobel. Yeye pia alieleza kwamba mtu aliyetolewa tezi yote hupooza mwili na akili. Siku hizi jambo hilo lina jibu: mgonjwa humeza kidonge cha homoni kila siku, maisha yake yote. Kidonge hicho si cha kuacha ukijisikia nafuu. Ni badala ya tezi.

Saratani iliyogusa njia ya pumzi juu juu huweza kukwanguliwa kutoka katika ukuta wake. Iliyopenya hadi ndani hulazimu kukata kipande cha njia hiyo na kuunganisha ncha mbili zilizobaki. Hiyo ni kazi ya mabingwa wa koo na kifua wakishirikiana, tena katika hospitali kubwa. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba sauti inaweza kubadilika, na kwamba kalisi ikishuka baada ya upasuaji atasikia ganzi midomoni na vidoleni, naye amwarifu muuguzi papo hapo.

Baada ya upasuaji, aina za papilari na folikula zina silaha moja ya ajabu. Kwa kuwa seli zake nyingi bado hupenda madini joto, mgonjwa hunyweshwa madini joto yenye mionzi, nayo hufuata mabaki ya saratani popote yalipo na kuyaua. Mama mjamzito au anayenyonyesha hapewi tiba hiyo, na aliyepewa hukaa mbali na watoto kwa siku atakazoambiwa. Saratani ya anaplastiki haidanganyiki na tiba hiyo, kwa sababu seli zake zimeacha kushika madini joto.

Hapana budi tuseme ukweli juu ya hiyo anaplastiki. Kwa miaka mingi nusu ya wagonjwa wake hawakumaliza miezi sita tangu kugunduliwa. Walioishi zaidi ni wale waliowahi upasuaji, wakafuatiwa na mionzi ya kuchoma na dawa. Tangu mwaka 2018 zimeidhinishwa nchini Marekani dawa mbili zinazotumiwa pamoja kwa wagonjwa ambao seli zao zina badiliko fulani la jeni liitwalo BRAF, na baadhi wamepata nafuu kubwa. Dawa hizo ni ghali mno. Kwa hiyo ndugu wana haki ya kumuuliza daktari waziwazi: "Tiba hii ni ya kuponya, au ni ya kumpunguzia mateso?" Majibu yote mawili ni tiba. Kumwezesha mzee apumue, ameze na alale bila maumivu si kazi ndogo.

Kuna jambo moja ambalo familia hulikataa kwa machozi: kutobolewa koo ili bomba dogo lipitishe hewa. Watu husema, "Akitobolewa koo, amekwisha." Sivyo. Tundu hilo hufungua njia pale ya juu ilipozibwa, na kwa wengine huondolewa baadaye. Jambo baya ni kulifanya usiku wa manane mgonjwa akiwa tayari amebadilika rangi, wakati lingeweza kupangwa mchana kwa utulivu. Au, kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umeenea mno, wangeweza kuzungumza mapema kama analitaka au halitaki.

SAFARI YA KUTAFUTA PUMZI

Utaratibu wa rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya, ukapanda hadi hospitali ya wilaya na ya mkoa, kisha Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo ndiyo kimbilio la Kanda ya Ziwa. Kwa mtu wa Geita safari hiyo ilikuwa na kikwazo cha maji. Gari la wagonjwa lilingoja kivuko baina ya Busisi na Kigongo, na mgonjwa anayetafuta pumzi huhesabu kila dakika. Mwezi Juni mwaka 2025 daraja la kilomita 3 lilifunguliwa mahali hapo, na kikwazo hicho kimeondoka. Wanaohitaji madini joto yenye mionzi huweza kupelekwa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo yaliyoanza kuwa hospitali tangu miaka ya 1890.

Gharama huwatia watu hofu kuliko kisu. Mwenye bima ya afya aichukue kadi yake na barua ya rufaa. Asiye na uwezo aulizie ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani. Na ng'ombe auzwe mapema, rovu likiwa bado la kutolewa, kuliko kuuza zizi zima pumzi ikiwa imebakia robo.

Kwa mganga wa jadi tuna ombi moja. Usimchanje mtu mwenye rovu wala kulichoma kwa chuma cha moto. Shingo imejaa mishipa ya damu, na kila mwezi unaopita kwa chanjo na hirizi ni mwezi ambao saratani imeutumia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Rovu halifichiki, lakini kulizoea ni namna nyingine ya kulificha.

CHUMVI NA UDAGA

Kinga ipo jikoni. Nunua chumvi iliyofungwa na kuandikwa kwamba ina madini joto, badala ya ile ya mabonge inayopimwa kwa kopo bila kujulikana ilikotoka. Ihifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moto na jua, na uitie chunguni karibu na kuepua ili madini yasipotee. Kwa nyumba zinazokula ugali wa udaga, mihogo ilowekwe na kukaushwa vya kutosha. Sumu ya mhogo isiyotolewa vizuri hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kukamata madini joto, na madhara yake huzidi pale chumvi nayo ikiwa haina madini hayo.

Chumvi haifuti saratani iliyokwisha kuanza, lakini katika nchi nyingi zilizoeneza madini joto ile aina ya anaplastiki imepungua. Mtoto anayekula chumvi hiyo leo ana nafasi ndogo ya kubeba uzeeni rovu alilobeba bibi yake.

Leo jioni, ndugu msomaji, simama mbele ya kioo na bilauri ya maji. Inua kidevu, kunywa funda moja, utazame shingo yako inavyopanda na kushuka. Ukiona uvimbe, au upande mmoja ukizidi mwingine, nenda zahanati juma hili. Kisha mwite mama, umwombe naye afanye hivyo. Yeye ndiye aliyekulia katika miaka ambayo chumvi haikuwa na madini joto, na huenda kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemwomba ainue kidevu.